Faili la Nedyalka

Hivi, umewahi kuketi mbele ya kompyuta ya mtu mwingine, ukabonyeza kitufe ulichokizoea, kikafanya jambo ambalo hukulitaka kabisa? Kama bado, basi hujawahi kuketi kwenye kiti cha Nedyalka. Katika ofisi ile ya ghorofa ya pili, mjini Stara Zagora, nchini Bulgaria, hakuna aliyethubutu. Hata mama aliyesafisha ofisi, akifuta vumbi, kibodi ya Nedyalka aliiruka. Siku moja kitambaa chake kiliigusa kidogo tu, maandishi yote yakatoweka, na yeye akatoka mbio mpaka ngazini akidhani ameunguza kazi ya mwaka mzima. Hakuwa ameunguza chochote. Alikuwa ameyaficha tu, kwa kitufe ambacho Nedyalka alikitengeneza kwa ajili ya kuyaficha.

Nedyalka alikuwa mwandishi wa programu, mwanamke mfupi wa miaka sitini na mitatu, nywele kazikata usawa wa masikio, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba ya rangi ya damu ya mzee. Ofisi yao iliandika programu za maghala ya baridi, yale yanayotunza matofaa na zabibu na nyama. Programu ikiona joto linapanda, au mlango umeachwa wazi, inampigia simu mlinzi. Kazi yenyewe si ya maajabu, lakini watu wa maghala waliitegemea.

Sasa, mwandishi wa programu ana chombo chake cha kuandikia, kama fundi nguo alivyo na cherehani. Chombo hicho kinaitwa kihariri. Vipo vingi, na kila mtu ana chake anachokitetea. Cha Nedyalka kilikuwa cha zamani kuliko vyote pale ofisini. Jina lake Emacs, lakini wenzake walikiita Babu, na jina likashika.

Babu ana tabia moja: anakubali kugeuzwa. Hukipendi kitufe hiki kilipo, unakihamisha. Unataka kitufe kimoja kifanye kazi ya vitatu, unaandika mstari mmoja kwenye faili la mipangilio, na kuanzia hapo mambo ni hivyo. Nedyalka alimpata Babu mwaka tisini na moja, kwenye disketi nne zilizofungwa kwa raba, alipokuwa bado kiwandani. Walikuwa watu kumi na mmoja waliojifunza pamoja, wakipeana mistari ya mipangilio kama majirani wanavyopeana miche ya nyanya. Halafu kiwanda kikapungua, watu wakatawanyika. Wanne walikwenda Ujerumani, mmoja Kanada, mwingine akafungua duka la matairi, wengine waliachana na kompyuta kabisa. Nedyalka alibaki na Babu.

Kila mwaka aliongeza mistari. Kuhifadhi kazi, wengine hubonyeza vitufe viwili viwili kwa kufuatana. Yeye alikuwa na kidole kidogo kilichopinda kwa kazi hiyo, kikimuuma majira ya baridi, basi akapanga kwamba F2 ikigongwa mara mbili, kazi inahifadhiwa. Kufuta herufi akakuleta karibu, pale kwenye H ikigongwa pamoja na kitufe cha Ctrl, asilazimike kurusha mkono mbali. Kisha kuna suala la herufi. Mbulgaria anayeandika programu anaishi na seti mbili za herufi kwenye kibodi moja, zile za kwao na zile za Kilatini, na anahama toka hizi kwenda zile mara mia kwa siku. Babu akiwa mtupu, yaani bila faili la mtu, ukimwamuru huku kibodi iko kwenye herufi za Kibulgaria, anakuambia hakujui. Nedyalka alimfundisha kuelewa amri kwa herufi zote mbili. Hilo peke yake lilimchukua likizo nzima ya kiangazi. Faili likafika mistari elfu tatu na mia nne, na yeye alijua kila mstari aliuandika lini, na alikuwa na shida gani siku hiyo.

Alibakiwa na mwezi mmoja na siku chache kustaafu pale Deyan, mkuu wa ofisi, aliyemwita shangazi kwa heshima tu, alipomjia na kikombe cha kahawa mkononi.

"Shangazi, nimekuja kukupigia magoti."

"Magoti yako nayaona yamenyooka tu. Sema."

"Tuko saba hapa, tuna vihariri vitano. Jana niliwaketisha wawili kwenye mashine moja wasaidiane, nusura wagombane kwa sababu ya rangi ya maandishi."

"Ile njano ya Petko nami ingenigombanisha na mtu."

"Unaona. Mwezi wa kumi wanakuja wanagenzi wanne. Nataka waanze na kihariri kimoja, wakae nacho. Uchague wewe. Ukishaondoka, wakilalamika, nitasema ni shangazi."

"Kwa hiyo unatafuta wa kutukanwa akiwa hayupo."

"Kustaafu kuna faida zake."

Nedyalka hakuichukulia kazi ile kwa mzaha. Alichukua siku tatu. Angeweza kujibu papo hapo, kila mtu alijua angejibu nini, lakini hakutaka iwe mazoea yanayosema badala yake. Aliviweka vihariri vyote vitano kwenye mashine ya akiba, Babu akiwa na faili lake kama kawaida, akaviandikia programu ile ile ya mlango wa ghala, mstari kwa mstari, akinywa chai ya maua ya mlinde, mti uliojaa mitaani kwao. Cha kwanza kilikuwa kizuri cha sura, kimejaa picha ndogondogo, kinakukamilishia maneno kabla hujayawaza. Lakini ni mali ya kampuni, na kila mwezi kampuni inakibadilisha. Ukirudi likizoni unakuta vitufe vimehama. Cha pili kilikuwa chepesi kama unyoya, ila aliyekitengeneza alikwisha kukiuza, na aliyekinunua hasemi lolote. Cha tatu kilikuwa cha rika la Babu, imara, lakini kilitaka ukumbuke kila wakati kama uko katika hali ya kuandika au hali ya kuamuru, na Nedyalka alisahau mara kumi kwa saa moja. Cha nne hakukimaliza. Kila kimoja alikiuliza swali moja: leo nikiandika kazi yangu ndani yako, miaka ishirini kutoka sasa nitakukuta, na nitaruhusiwa kukufungua nikurekebishe?

Alhamisi akampelekea Deyan karatasi yenye maelezo, na chini yake jina moja.

"Babu," akasoma Deyan. "Ningekuokolea siku tatu hizi, shangazi."

"Ungeniokolea siku, lakini nisingekuwa nimechagua."

"Haya. Mimi sina ubishi, maelezo yako yanaeleweka. Basi wape na lile faili lako. Wanagenzi waanzie pale ulipofika wewe. Miaka thelathini ya jasho la mtu mwingine, nani anakataa?"

Nedyalka alikuwa akiifungua miwani yake aipanguse. Akaacha.

"Hilo nitakujibu Jumatatu," akasema.

Deyan alidhani anaona wivu na faili lake, kama wapishi wanavyoona wivu na chumvi zao. Haikuwa hivyo. Faili lile Nedyalka alikwisha kumpa mtu mmoja, mara moja tu, na kwa miaka kumi na miwili hakuwa na raha kila alipolikumbuka.

Mtu huyo alikuwa binti yake, Zornitsa.

Baba yake Zornitsa alifariki mtoto akiwa na miaka kumi na tisa, wakabaki wawili kwenye vyumba vitatu. Zornitsa alikuwa ameanza chuo, anasoma uandishi wa programu palepale mjini. Siku ya kwanza alipoleta kazi ya nyumbani, Nedyalka alimketisha mezani, akamwekea Babu, na kabla msichana hajagusa kitufe akamwekea na faili.

"Usianze mtupu kama nilivyoanza mimi," alimwambia. "Taabu zote nimekwisha kuzipata kwa niaba yako."

Zornitsa alishika upesi mno. Kabla ya mwaka kuisha vidole vyake vilikwenda kama vya mama yake. Nedyalka, akiwa jikoni anachambua maharage, alisikia mdundo wa kibodi kutoka chumbani, F2 mara mbili, kimya kidogo, kisha mvua ya vitufe, na ilikuwa kama anajisikia mwenyewe. Duniani kote palikuwa na mtu mmoja tu awezaye kuketi kwenye kiti chake akafanya kazi, na mtu huyo alikuwa akimwita mama. Wakati mwingine walibadilishana viti katikati ya mstari, mmoja akaanza neno na mwenziwe akalimaliza. Ile ndiyo miaka mitatu ambayo Nedyalka aliiwaza zaidi kuliko mingine yote.

Halafu Zornitsa akaitwa kwenye usaili wa kazi huko Sofia, mji mkuu. Kampuni nzuri, mshahara mzuri, na wakimpenda atakaa kwao mwaka, kisha watampeleka kwenye ofisi yao ya Vienna. Barua ilisema atafanyishwa mtihani wa dakika arubaini na tano kwenye kompyuta ya kwao. Aliisoma kwa sauti mezani. "Vihariri vyote vipo, chagua unachokitaka. Basi nimepona, mama. Nitachagua Babu."

Ofisini walifurahi. Pale kwao mtoto wako akipata kazi unazungusha boksi la chokoleti, kila mtu achukue mbili, na wenzake wakawa wanamuuliza wiki nzima chokoleti zinaliwa lini. Nedyalka aliwajibu karibu tu. Hakununua.

Asubuhi ya mtihani alimsindikiza kituo cha mabasi. Zornitsa alivaa koti la bluu la kuazima, anakula banitsa, andazi la jibini la moto, kwa uangalifu asiangushe makombo kwenye koti. Na Nedyalka, akimwangalia anavyotafuna, alijua. Kusema kweli alijua tangu siku ya barua. Babu wa Sofia atakuwa Babu mtupu. Hatakuwa na F2 yao, hatakuwa na H yao, hatakuwa na herufi zao mbili. Ilitosha kumwambia, "Chukua faili kwenye flashi," au, "Waombe wakuruhusu uliweke." Hata kumwandikia vitufe kumi tu vya Babu mtupu nyuma ya tiketi. Maneno yalifika mpaka kwenye meno.

"Umechukua maji?" akamuuliza.

"Nimechukua, mama."

Jioni Zornitsa alirudi. Alisema, "Hawakunichukua," akavua koti la bluu akalitundika vizuri kwenye kiango, akaenda kulala. Wiki ile hakufungua kompyuta. Wiki iliyofuata hakufungua. Mwishowe akapata kazi kwenye duka la miwani, mtaa wa nne kutoka nyumbani, akaolewa, akaachika, akabaki duka lile lile. Watu walipomuuliza kuhusu programu alisema hazikuwa za kichwa chake. Nedyalka alipolisikia neno hilo alinyanyuka akaenda kufanya kitu kingine.

Basi Jumamosi ile, ikiwa mwezi wa tisa unaisha, Nedyalka alikwenda kwa binti yake kuchoma pilipili hoho. Mtaa mzima ulikuwa unanuka maganda yanayoungua, kila roshani na jiko lake, lile jiko dogo la umeme linalofanana na ndoo, unatumbukiza pilipili moja moja. Zornitsa alinunua kilo thelathini, nyekundu tupu, akazipanga kwenye magazeti sakafuni. Yeye alichoma, mama yake alimenya. Ngozi inatoka kama soksi ukiisubirisha kidogo kwenye sufuria iliyofunikwa, na Nedyalka alikuwa na subira ya kutosha.

"Umenyamaza leo," Zornitsa akasema. "Au umeanza kustaafu kabla ya wakati?"

"Deyan kanipa kazi. Nichague kihariri cha wanagenzi."

"Na umechagua Babu."

"Nimechagua Babu."

"Maskini watoto." Zornitsa alicheka, akageuza pilipili kwa koleo. "Watakukumbuka kila kidole kidogo kikiwauma."

"Anataka niwape na faili langu."

Kicheko kilikwisha. Zornitsa aliitoa pilipili, akaiweka kwenye sufuria, akafunika. Hakutumbukiza nyingine.

"Usiwape, mama."

"Kwa nini?"

"Usiwape tu."

"Zornitsa."

Binti alijipangusa mikono kwa aproni, kidole kimoja kimoja. "Sijawahi kukusimulia mtihani wa Sofia. Sasa ni kichekesho, hebu nikusimulie. Walinipa chumba kizuri, na maji, na biskuti kwenye kisahani. Nikachagua Babu. Yule msimamizi, kijana mwenye ndevu, akasema, lo, mtu wa zamani. Nikajiona mkubwa. Nikaandika mistari sita, nikagonga F2 mara mbili. Skrini ikapasuka katikati, ikawa kurasa mbili. Nikasema, nimekosea. Nikataka kufuta, nikagonga H yetu. Ukaja ukurasa wa msaada. Nikaufunga, nikataka kufuta tena, ukaja tena. Kila nilipotaka kufuta kosa, mama, Babu ananiuliza nahitaji msaada gani."

Alitabasamu, lakini hakuwa anamtazama mama yake.

"Halafu nikaandika maelezo kwa Kibulgaria, nikasahau kurudi Kilatini, maana kwetu hakuna kurudi. Nikitoa amri, chini pale ananiambia amri hiyo haijulikani. Dakika kumi na tano nimekaa natazama vidole vyangu. Kijana akanisogelea, akasema kwa upole, unaweza kutumia kingine. Sikujua kingine. Sikumjua hata Babu. Nilikujua wewe tu."

Chini, uani, mtu alikuwa anamwita mkewe alete mitungi. Nedyalka aliendelea kumenya pilipili iliyokwisha kumenyeka, anaipitishia kidole pasipo na ngozi.

"Nikajiona mjinga," Zornitsa alisema. "Nilijua nimesoma, nilijua hesabu ile ningeifanya kwa kalamu. Lakini mtu anayeshindwa kufuta herufi moja mbele ya watu, utamwitaje? Nikarudi nikijisemea, kumbe wewe si wa kazi hii, ulikuwa unabebwa."

"Hukuwa unabebwa."

"Ndivyo nilivyojiona." Aliinua kichwa. "Wewe hukuliwaza hilo, mama? Kwamba kule patakuwa patupu?"

Swali lilikuwa la kawaida, halikuwa na makali. Aliuliza kama mtu anavyouliza kama mvua ilinyesha jana. Na Nedyalka, ambaye alikuwa na jibu tayari tangu miaka kumi na miwili, akasema:

"Sikuliwaza."

"Nilidhani hivyo," Zornitsa akasema, akatumbukiza pilipili nyingine.

Walijaza mitungi midogo kumi na saba ya lyutenitsa, rojo la pilipili hoho la kula na mkate, na Nedyalka akapewa sita. Aliibeba nyumbani kwenye mifuko miwili, akipumzika kila kona.

Jumapili baada ya chai ya asubuhi alikaa mezani, akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka thelathini na miwili. Alimwamsha Babu bila faili. Ni rahisi, unaongeza kistari kimoja na herufi moja baada ya jina lake. Skrini ikatokea nyeupe, ngeni, kama chumba kilichohamwa. Akasema ataandika ile programu fupi ya mlango wa ghala, aliyoiandika karibu mara tano wiki ile. Akaweka saa ya jikoni dakika arubaini na tano.

Mstari wa nane, vidole vikagonga F2 mara mbili vyenyewe. Skrini ikapasuka. Akataka kufuta, ukaja ukurasa wa msaada. Akaufunga kwa taabu, akaandika neno la Kibulgaria, akaamuru, akaambiwa haijulikani. Aliwahi kuvijua vitufe hivi vya mwanzo, mwaka ule wa disketi, lakini vilikwisha kuondoka mikononi. Ilibidi aufungue ule ukurasa wa msaada kwa hiari yake, ausome kama mtoto, kidole kwenye skrini. Saa ya jikoni ilipolia alikuwa na mistari kumi na miwili, miwili kati yake mibovu. Na yeye alikuwa nyumbani kwake, miguu kwenye ndara, hakuna kijana wa ndevu, hakuna koti la kuazima. Alilia kidogo, kisha akaosha kikombe.

Jumatatu saa tatu alimwendea Deyan.

"Babu ni yule yule," alisema. "Lakini aje mtupu. Faili langu simpi mtu."

"Nilijua. Mchoyo wewe."

"Niite unavyotaka. Kila mmoja afungue faili lake, halina kitu ndani. Kitufe kikimuudhi, akibadilishe yeye, aandike kwa nini amekibadilisha. Na kwanza akijue kilivyokuwa."

"Hiyo itachukua miezi, shangazi. Nani wa kuwakalia kando miezi yote hiyo?"

"Mimi. Oktoba nipo. Novemba nitakuja asubuhi."

"Utakuwa umestaafu."

"Kwa hiyo sitakuwa na haraka. Mwenzio nimechelewa sana kuanza."

Deyan alimwangalia aone kama anatania. Akaona hatanii, akaandika kwenye daftari lake.

Nedyalka hakurudi kwenye kiti chake. Alichukua koti, akashuka ngazi, akatembea kuelekea duka la miwani, chini ya milinde iliyoanza kupukutisha majani. Njiani alikuwa anapanga maneno. Atasema muda ulikuwa mfupi. Atasema alidhani Zornitsa atalikumbuka mwenyewe. Atasema hata yeye hakuwa na uhakika.

Dukani palikuwa na mzee mmoja anapimishwa fremu. Zornitsa alikuwa amemvalisha, amerudi nyuma hatua moja, anamtazama.

"Inakubana wapi, baba?"

"Nyuma ya sikio la kushoto. La kulia limetulia."

"Ngoja." Aliivua, akaupasha moto mkono wa fremu, akaupinda kidogo sana, akamvalisha tena. "Sasa?"

"Bado kidogo."

Akaivua tena. Alifanya hivyo mara nne, bila kuchoka, mpaka mzee akatikisa kichwa kwa kukubali. Nedyalka alisubiri kwenye kiti karibu na mlango, mkoba magotini. Mzee alipotoka, Zornitsa akaja kwake.

"Kuna nini, mama? Saa hizi uko kazini."

"Jumamosi uliniuliza kama nililiwaza. Nikakujibu sikuliwaza."

"Ndiyo."

"Nililiwaza. Tangu siku ya barua. Na pale kituoni, unakula banitsa, nilikuwa na neno mdomoni nikuambie."

Zornitsa alikuwa ameshika kitambaa cha kufutia vioo. Alikikunja mara mbili, akakikunja tena.

"Uliniuliza kama nimechukua maji," akasema.

"Muda ulikuwa mfupi, basi lilikuwa limekwisha kuwasha..."

"Basi lilichelewa dakika ishirini. Tulisimama pale tukizungumzia viatu vyangu."

"Nilidhani utalikumbuka mwenyewe. Ulikuwa umesoma, nikasema huyu..."

"Mama."

Nedyalka aliushika mkoba kwa mikono miwili.

"Miaka kumi na miwili nimejiita mjinga," Zornitsa alisema. Hakupandisha sauti. Mlangoni kulikuwa na kengele ndogo, na alizungumza kama mtu asiyetaka kuiamsha. "Miaka kumi na miwili, na wewe unanisikia. Sikuulizi ulidhani nini. Nakuuliza ulitaka nini."

Nedyalka aliitazama mikono ya binti yake, ile mikono iliyowahi kumalizia maneno yake, na kidole kidogo cha kulia ambacho nacho, sasa ndiyo kwanza aliona, kilikuwa kimeanza kupinda.

"Nilitaka wasikuchukue," akasema. "Nilitaka ubaki hapa na mimi."